Rosa Kiden na Binti wa Tatu wa Mzee Lako

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani ana jicho moja kwenye sindano na jingine barabarani. Miaka kumi na tisa nimekaa baraza moja na Rosa Kiden hapa Koboko, cherehani yangu kushoto, mlango wa duka lake la kuchapa kulia, kwa hiyo nikisema namjua, sibahatishi. Wanaosema Nasiri ni mbea waje waniambie usoni, wakiwa wamevaa zile suruali wanazoniletea nizitie viraka.

Rosa ni mfupi, sauti yake kubwa, na akianza kuchapa vidole vyake huvioni. Mumewe alifariki binti yao Sandra akiwa darasa la pili. Rosa akamlea na kumsomesha kwa kuchapa, na leo Sandra ni mkunga Kampala. Mawakala wa Oraba, wale wanaopitisha malori mpakani, humletea nyaraka za kila aina. Wakulima huja na mikataba ya mashamba. Lakini kazi iliyompa jina ni wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Kabla ya udongo kuingia, lazima karatasi isomwe kwenye maiki: marehemu alizaliwa na nani, alisoma wapi, alitumikia jeshi gani, ameacha wajukuu wangapi. Msiba unangoja, gari linanguruma nje, na Rosa anachapa. "Peleka kwa Rosa, Rosa hakosei," ndivyo watu walivyozoea kusema. Hata mimi niliamini hivyo.

Sasa nikuambie na kasoro zake, maana sifa tupu ni za mazishini. Ya kwanza, Rosa hakuwa mtu wa kuanza ukurasa mpya. Akija mwenye msiba, Rosa hufungua wasifu wa marehemu mmoja wa nyuma, hufuta jina la yule, huweka la huyu, hubadilisha palipobaki. Hapo huokoa dakika ishirini, na kwenye msiba dakika ishirini ni nyingi. Ya pili ni majina ya faili. Koboko ina akina Abiriga wangapi? Rosa alichoka na Abiriga wa kwanza mpaka Abiriga wa tisa, akaanza kuzipa faili jina la kile alichokiona siku hiyo. "Kofia nyekundu." "Mama wa kuku wawili." "Anakohoa." Na alizikumbuka zote, mpaka zilipofika elfu sita.

Mwaka juzi akaja wakala wa Oraba kutafuta barua aliyochapiwa miaka mitatu nyuma.

"Wewe ulikuwa navaa nini hiyo siku?" Rosa akamuuliza.

"Mama, mimi nakumbuka aje?"

Wakatafuta tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Aliyewaokoa ni Mwalimu Candia wa Awindiri, kule Arua, aliyekuwa amekuja kutengeneza printa. Zamani alifundisha kompyuta shuleni, siku hizi anazunguka na begi la bisibisi. Mgane, mwembamba, ndevu zimeingia mvi, mpole mpaka anakera. Alitoa flash mfukoni, akaweka programu ya kutafuta, akaiacha ipitie faili zote. Sisi tukamaliza chupa nzima ya chai.

"Mama Sandra," akasema, "andika neno moja iko ndani ya hiyo barua. Si jina ya faili. Neno ya ndani."

Wakala alikumbuka kwamba barua ilihusu matairi. Rosa akaandika "matairi". Mara ikashuka orodha upande wa kushoto: kila faili mstari wake, na alama ndogo ya kukuonyesha kama ni Word, au PDF, au jedwali, au picha, kisha tarehe, na chini yake maneno mawili matatu yaliyonyofolewa ndani ya barua yenyewe, "matairi" limepakwa rangi ya njano. Ukigusa mstari, upande wa kulia unafunguka ukurasa mzima.

"Hiyo! Ya tatu!" wakala akapiga kelele. Faili ilikuwa inaitwa "Jasho jingi".

Siku hiyo hatukufanya kazi tena. Rosa aliandika "mbuzi", yakaja majibu mia tatu na kumi na mawili, skrini ikawa njano tupu. Mimi nikasema aandike jina langu. Likaja jibu moja, barua ya malalamiko kwa mwenyekiti wa LC, yaani wa kijiji: "...huyo Nasiri fundi amenipunja kitambaa..." Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kumbe jirani yangu alichapa mashtaka dhidi yangu, akapokea pesa yake, kisha akanipa salamu! Na yule mlalamikaji nilimjua. Sikumpunja. Tumbo lake ndilo lililokua.

Baada ya hapo Mwalimu Candia hakukauka mlangoni. Mara nyaraka zilizoskaniwa hazisomeki kwa sababu kompyuta inaziona ni picha tu, lazima programu ifundishwe kutambua herufi. Mara picha za WhatsApp za mawakala zimelala kiubavu. Mara majedwali. Kila aina ya faili ilihitaji safari nzima kutoka Arua, tena Jumanne, tena na mkate chini ya kwapa. Nilianza kujiuliza hizo aina za faili duniani ziko ngapi.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Rosa akanijia na kitambaa cha rangi ya zambarau.

"Hii ni ya nini, Mama Sandra?"

"Ya kuvaa."

Akacheka kama msichana, akaficha uso. Nilifurahi sana, nakiri. Mtu aliyekaa mjane miaka ishirini anacheka hivyo, wewe utafanya nini? Nilimshonea bure, jambo ambalo simfanyii hata mke wangu.

Wazee wa Candia wakaja kuposa, wakiongozwa na Mzee Alionzi, baba yake mkubwa. Walipokelewa kwa Mzee Jale, baba mdogo wa Rosa, sajenti wa zamani, mtu wa kukaa wima hata akila. Mimi nilialikwa. Na kama nisingealikwa ningekuwepo.

Kwetu, kabla ya kutajwa mbuzi hata mmoja, kila upande hutaja ukoo wake, wa baba na wa mama, kurudi nyuma mpaka mababu. Damu haioi damu, hata ikiwa ya mbali namna gani. Mzee Alionzi alitaja upande wa baba wa Candia vizuri. Upande wa mama, akatoa karatasi kwenye bahasha ya nailoni. Ilikuwa wasifu wa marehemu bibi Drateru, mama wa mama yake Candia, aliyezikwa Kuluva miaka kumi na mitatu iliyopita. Mama Candia mwenyewe, kwa desturi, haji kwenye posa ya mwanawe, ndiyo maana akatuma karatasi. Mzee Alionzi akavaa miwani, akasoma: "Drateru alizaliwa na mzee Lako, mhunzi wa majembe..."

"Ngoja!" Mzee Jale akasimama. "Lako gani? Lako mhunzi iko baba yangu mimi!"

Hakuna aliyeendelea kusoma. Na hakuna aliyeona ajabu, maana marehemu mzee Lako alikuwa akitembeza majembe kutoka Koboko mpaka Arua, na watu walikuwa wakisema kila jembe lilipobaki, mtoto naye alibaki. Mzee Jale akalia mbele za watu, yule mtu wa kukaa wima. Alikuwa amepata dada, na siku hiyohiyo amemkosa, kwa kuwa dada ameshakufa. Akina mama wakamlilia Drateru upya, sufuria zikaungua.

Ndipo mtu mmoja akapiga hesabu ya ukoo. Kama Drateru ni dada yake Jale, basi ni shangazi yake Rosa. Binti wa Drateru ni binamu ya Rosa. Basi Candia, na mvi zake zote, ni mtoto wa Rosa!

Wengine walicheka. Rosa hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni langu la zambarau, sahani mkononi.

"Labda karatasi iko na makosa," akasema polepole.

Mzee Alionzi akaigeuza karatasi, akaonyesha muhuri chini. Ni muhuri wa duka la Rosa.

"Hii ilitoka kwako, binti," Mzee Jale akasema. "Na wewe hukosi."

Posa ikafa palepale. Wazee wakakata shauri: wiki mbili, kisha pande zote zirudi kuchinja kondoo wa kulifunga jambo. Kondoo akishachinjwa, neno la ndoa hiyo halitajwi tena. Mpaka hapo Rosa na Candia wasionane, wasipigiane simu.

Jumatatu Rosa alifungua duka mapema. Akaandika kwenye programu "Lako mhunzi". Jibu likaja moja tu, faili inayoitwa "Gari linanguruma": "...Drateru alizaliwa na mzee Lako, mhunzi wa majembe..." Lako amepakwa njano, wazi, bila shaka. Rosa alikumbuka siku ile. Drateru alifia Koboko kwa ndugu, maiti ikawa inapelekwa Kuluva, na kijana wa ukoo, Ondoga, akaja kutoa maelezo akiwa ameacha injini inawaka. Basi. Karatasi ilikuwa yake, na maneno yalikuwa yake. Alizima skrini, akalia, nami nikasimamisha cherehani maana nisingeweza kushona na sauti ile sikioni.

Jumanne haikuja na mkate. Rosa alikuwa amekaa anaangalia mlango. Ghafla akasema, "Nasiri. Shangazi yangu Poni."

"Amefanya nini? Si alikufa?"

"Alikufa mwaka uleule wa Drateru, mwezi wa nne. Yeye ndiye binti wa Lako ambaye sisi wote tunajua. Wasifu yake mimi nilichapa. Sasa nikitafuta Lako, kwa nini Poni hakuja?"

Mimi nikasema labda amepumzika. Hakunisikia. Aliwasha kompyuta, akaandika tena, jibu lilelile moja. Akateremka mpaka chini kabisa ya orodha, mahali ambapo mtu haangalii, na hapo palikuwa na maandishi madogo ya kijivu: faili 214 hazikusomwa ndani.

Kumbe zile ni za kompyuta yake ya kwanza, aliyoiacha katikati ya mwaka uleule wa Poni na Drateru. Alizichapa kwa programu ya zamani ambayo hakuna tena anayeiuza wala kuikumbuka, na ile ya kutafuta iliziona kwa jina tu, yaliyo tumboni haikuyajua. Rosa akafungua mahali pa kupanga mambo, akakuta orodha ndefu ya aina za faili, kila moja na kisanduku chake. Vyote vilikuwa na tiki isipokuwa kimoja. Baadaye Candia alikuja kukiri kwamba kile alikiacha makusudi, apate sababu ya Jumanne moja zaidi. Mapenzi ya wazee haya, Mungu atusitiri.

Rosa akaweka tiki mwenyewe. Programu ikaanza kusoma, umeme ukakatika, na betri ya ile laptop haimalizi nusu saa. Tukavuta waya kwa kinyozi mwenye sola, akalalamika kwamba mashine yake inanyoa nusu nusu, tukamwambia mteja wake angoje, kuna ndoa ya mtu hapa. Ilipokaribia alasiri ikamaliza. Rosa akaandika "Lako mhunzi".

Majibu mawili.

Yalikuja moja chini ya jingine, yamepangwa kwa tarehe. La juu, mwezi wa nne: "Poni alizaliwa na mzee Lako, mhunzi wa majembe, akiwa binti wa tatu, mwaka wa nzige, baba yake akiwa njiani kwenda Arua." La chini, mwezi wa nane: "Drateru alizaliwa na mzee Lako, mhunzi wa majembe, akiwa binti wa tatu, mwaka wa nzige, baba yake akiwa njiani kwenda Arua."

"Soma," Rosa akaniambia.

"Ni yaleyale."

"Soma tena."

"Mama Sandra, ni yaleyale, mpaka mkato."

Akakaa kwenye benchi kama gunia lililowekwa chini. Siku ile gari linanguruma, alikuwa amefungua wasifu wa shangazi yake mwenyewe, akafuta jina, akabadilisha watoto, akabadilisha kanisa, na sentensi moja ikamponyoka. Kikulacho ki nguoni mwako, na hili nalisema kama fundi wa nguo.

Mimi nilishaanza kushangilia, lakini yeye aliandika kitu kingine. Shangazi Poni aliongoza kwaya miaka kumi na minane. Akatafuta "kwaya miaka kumi na minane". Majibu saba! Watu saba wa Koboko wamezikwa wakiwa viongozi wa kwaya kwa miaka kumi na minane, na wa tano kati yao ni ami yangu, Haji Mogga. Wallahi nilikuwepo. Nakumbuka msomaji alipofika mahali akakohoa sana, akaruka mstari. Miaka yote nilidhani ni vumbi. Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke.

"Unacheka!" Rosa akasema, machozi yakimtoka. "Hii ikijulikana mimi nafunga duka. Nani ataniletea maiti yake tena?"

Nikamshauri kwa nia njema. "Sema kompyuta imekosea."

"Kompyuta haikukosa, Nasiri. Kompyuta ndiyo imesema kweli."

Akampigia Ondoga. Ondoga akasema bila kusita, "Mimi nilikuambia Soro. Baba yake Drateru iko mzee Soro wa Kuluva."

"Sasa mbona hukusema siku ya kuzika?"

"Mimi nilipatia msomaji karatasi, nikaenda kuegesha gari, dada. Nilifika, wamesoma kwisha. Na mutu gani nabishana na maiki kwa msiba?"

Jumamosi ya kondoo ikafika. Pande zote mbili zimekaa, kisu kimenolewa, Candia ameketi mwisho kabisa ametazama viatu vyake. Rosa akaingia katikati ya wazee na kompyuta kifuani. Akasema kwa ile sauti yake kubwa kwamba karatasi iliyosomwa kaburini kwa Drateru ina uongo, na uongo huo ni wa mkono wake.

Mzee Jale akatabasamu kwa uchungu. "Wewe nataka bwana, ndiyo makosa imezaliwa leo?"

Watu wakacheka. Rosa akamgeuzia skrini, akamwomba asome yeye mwenyewe, mpaka mwisho safari hii. Mzee Jale akaanza na la chini, kwa sauti, kama anasoma amri ya jeshi. "...binti wa tatu, mwaka wa nzige, baba yake akiwa njiani..." Hapo akaurudia mstari ule kwa macho.

"Hii iko Poni," akasema. "Mama yetu alikuwa nasema hivi juu ya Poni." Akasoma la juu. Akavua miwani. "Mimi nimeshalia huyu Drateru wiki mbili. Nimeshamwambia watoto yangu, muko na shangazi Kuluva."

Rosa akapiga magoti. "Nisamehe, Baba mdogo. Nilikupa dada, sasa namchukua."

Mzee Jale akamwekea mkono kichwani. Ondoga akasimama akashuhudia jina la Soro. Mzee Alionzi ndiye aliyetoa uamuzi: uongo ulisomwa kaburini, basi kweli ikasomwe huko huko, na aliyekosea ndiye asome. Na kuhusu posa, karatasi ilitoka kwa mama yake Candia, kwa hiyo yeye ndiye wa kuipokea nyingine au kuikataa. Akikataa, basi. Kondoo hakuwa na hatia yoyote, lakini alikuwa ameshafungwa kamba, tukamla.

Jumatano asubuhi tulikuwa Kuluva. Rosa alikuwa amechapa karatasi mpya kwenye ukurasa mtupu, na ilimchukua siku nzima. Mama Candia alikuwa kwenye mkeka kando ya kaburi, mwanamke mzee, mikono mapajani, uso hauonyeshi kitu. Rosa alimwamkia, hakujibiwa. Akaanza kusoma, sauti yake ikawa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Drateru alizaliwa na mzee Soro wa Kuluva, mkulima..."

"Sema tena hiyo jina," mama akasema.

"Soro. Mzee Soro wa Kuluva."

Yule mama akainama, mabega yakaanza kutikisika. Candia akataka kumshika, akamsukuma mkono.

"Soro ndiyo alinibeba mgongoni," akasema. "Mimi nilikuwa najua iko babu yangu. Lakini karatasi ilisema Lako, ndani ya maiki, mbele ya watu yote. Nikafikiri, kumbe mama alinificha. Kumbe alikuwa na mambo yake. Nikakasirika na yeye. Miaka kumi na tatu mimi sikuja kwa hii kaburi hata siku moja."

Rosa alikuwa analia waziwazi. Alisema samahani kwa Kiswahili, akasema kwa Kikakwa cha kwao Koboko, akakosa lugha ya tatu. Mimi nami nililia, sioni haya.

Mama Candia alipangusa uso kwa kitenge. Akaupapasa udongo wa kaburi kwa kiganja, taratibu, mara mbili tatu. Kisha akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama mikono haina kazi.

"Wewe nasimama tu," akamwambia. "Leta kiti, mke yako akae. Iko na kazi ya kumaliza kusoma."